Kwa Nini "Asante" Huwa Nzito kwa Aliyekulia Kwenye Masimango

Mtoto aliyelelewa kwa tabu hukua akizisikia methali mbili hadi masikio yanazizoea. Ya kwanza ni "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", ambayo majirani huisema kwa sauti ya chini wakimwona anapita. Ya pili ni "shukrani ya punda mateke", nayo humrukia siku atakayohama nyumba ile, au atakayosema hana mchango wa harusi ya binamu. Ya kwanza inamhukumu kabla hajafanya kitu. Ya pili inamhukumu kwa chochote atakachofanya. Pembeni ya hayo yote wapo watu ambao kweli walimshika mkono: mwalimu wa darasa la nne, mama ntilie wa kona, shangazi aliyekuja mara moja kwa mwaka akamkagua kucha na nywele kabla hata ya kusalimiana na wakubwa. Anatamani kuwashukuru. Namba ya simu anayo. Hapigi.

Wengi hukiita kiburi. Mimi naona tatizo ni jingine: mtu huyo alikua akiona shukrani, deni na msamaha vikitiwa kwenye kapu moja, na hakuna aliyewahi kumtenganishia. Mpaka avitenganishe, kila akitaka kusema asante anahisi kama anasaini mkataba.

Tuanze na hao watu wenyewe, kwa sababu mchango wao hudharauliwa, hata na wao.

Mwaka 1955, katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, watoto 698 waliozaliwa mwaka huo waliingizwa kwenye utafiti mmoja. Wanasaikolojia Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia tangu uchanga hadi wakawa watu wazima wa miaka 40. Familia nyingi zilikuwa za vibarua wa mashamba ya miwa, wenye asili za Japani, Ufilipino na Hawaii yenyewe. Takriban watoto 3 katika kila 10 walianza maisha na mzigo: ufukara, matatizo ya uzazi, ugomvi wa wazazi, ulevi au ugonjwa wa akili ndani ya nyumba. Theluthi mbili ya hao waliolemewa walifika miaka 18 wakiwa na matatizo ya wazi, kuanzia masomo na tabia hadi kesi, mimba za mapema na afya ya akili.

Methali ya kwanza ingefunga kitabu hapo. Lakini theluthi iliyobaki, vijana 72, walikua wakiwa watu wanaojiweza, wanaofanya kazi zao vizuri na kuwajali wenzao. Werner na Smith walipotafuta wamenusurikaje, walikuta mambo kadhaa, ikiwamo haiba ya mtoto mwenyewe na uwezo wa kusoma na kutatua matatizo madogomadogo. Jambo moja lilijirudia mno: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mmoja aliyemkubali bila masharti. Mara nyingi huyo hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, mama mdogo, dada mkubwa, mwalimu, jirani, kiongozi wa dini, au mama wa rafiki yake.

Hapa kuna jambo ambalo hupitwa haraka, nami naliona zito. Watoto wale hawakukaa wakingoja kuokolewa. Walijua kuwatafuta watu. Kila aliyelelewa kwa tabu analijua hili kwa mwili wake: unajua nyumba ipi jikoni moshi unaanza mapema, mwalimu yupi hapendi kuondoka shuleni upesi, mzee yupi ukimsaidia kubeba maji atakuuliza umekula nini. Watu wazima huita utoro au uzururaji. Mara nyingi ni mtoto anayejitafutia walezi.

Theluthi mbili waliokwama nao hawakubaki walipo. Kufikia umri wa miaka 30 na 40, wengi wao walikuwa wamejinyoosha, kupitia masomo ya ukubwani, jeshi, ndoa na mtu mtulivu, au jumuiya ya imani. Karibu kila mlango kati ya hiyo ulikuwa na mtu aliyesimama hapo.

Matokeo haya si ya kisiwa kimoja. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu wazima 6,188 wa jimbo la Wisconsin. Waliulizwa mambo mabaya ya utotoni, na pia mambo mema 7, likiwamo hili: je, walikuwapo watu wazima angalau wawili, wasio wazazi wako, waliokujali kwa dhati? Waliokuwa na mema 6 au yote 7 walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa asilimia 72, wa kuwa na sonona au afya mbaya ya akili ukiwalinganisha na waliokuwa na mema mawili au pungufu. Tofauti hiyo ilionekana hata baada ya watafiti kuzingatia mabaya waliyopitia. Mema hayakufuta mabaya. Yalifanya kazi yake sambamba nayo.

Kwetu takwimu ya mabaya ipo, na inatisha. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika mwaka 2009 na kuchapishwa 2011, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana wa miaka 13 hadi 24, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Kwa hiyo tunapozungumzia "waliolelewa kwa tabu" tusidhani ni kikundi kidogo kilichoko mahali fulani. Ni abiria wenzako kwenye daladala.

Na je, mtoto anaweza kushikamana na mtu asiye mzazi wake kwa kiasi cha kumbadilisha? Swali hili lilipata sehemu ya jibu lake karibu tu na hapa. Kati ya 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliishi Uganda, akawa anazitembelea familia za vijiji vya jirani na Kampala na kuwatazama watoto wachanga na mama zao, saa mbili kila ziara. Nadharia ya wakati ule ilimtazama mtoto kama kiumbe anayeshikamana na anayemlisha. Ainsworth aliona vingine. Aliona watoto wakimlilia na kumkimbilia mama, ndiyo, lakini pia baba, bibi, au ndugu mkubwa, hata asiyewalisha. Kilichokuwa na uzito ni mtu anayemsoma mtoto na kumjibu. Baadaye alifanya utafiti wa Baltimore, Marekani, uliomletea sifa, lakini mbegu aliipata Buganda.

Kwa hiyo mama ntilie aliyekuuliza "mbona leo umenuna?" hakuwa anapitisha muda. Mtoto anayeishi kwa hofu mwili wake hukaa tayari kwa kukimbia au kupigwa, usiku na mchana, na uchovu huo huingia hadi kwenye usingizi, tumbo na masomo. Mtu mmoja anayetabirika, ambaye leo yuko kama alivyokuwa jana, humpa mahali pa kushusha mabega. Nusu saa tu. Kesho tena nusu saa.

Sasa, kama watu hawa wana uzito huo, kwa nini kuwashukuru kunakwama?

Jibu la kwanza ni masimango. Aliyewahi kulelewa kwenye nyumba isiyo yake hahitaji maelezo, ila nieleze kwa ajili ya wengine. Masimango si matusi. Hutolewa kwa upole, mara nyingi chakula kikiwa mezani: "Kula, kula mwanangu. Unga umepanda, lakini wewe kula." Viatu vya shule vinakabidhiwa na historia yake: vimetoka kwenye jasho la nani, nani alinyimwa ili wewe upate. Wageni wakija unaitwa sebuleni usalimie, na kabla hujaondoka wanasimuliwa ulivyofika umekonda na vidonda kichwani, na leo tazama. Unatakiwa utabasamu.

Mtoto huyo anajifunza kanuni moja kwa ukamilifu: kila wema una risiti, na risiti hutunzwa. Akikua, mtu akimtendea jambo zuri, moyo haufurahi kwanza. Unapiga hesabu. Atanidai nini? Lini? Mbele ya nani? Ndiyo maana utakutana na watu wazima wanaokataa lifti kwenye mvua, wanaolipia soda zao kwenye meza ya rafiki, wasiomwambia mtu yeyote kwamba wanaumwa. Na asante wanaiogopa kwa sababu nyumbani kwao asante ilikuwa kukiri deni mbele ya mashahidi.

Rafiki yangu mmoja alilelewa Tanga kwa baba yake mdogo. Nyumba ilikuwa ya tabu, na sitaisimulia. Karibu na hapo palikuwa na fundi cherehani aliyefanyia kazi barazani, na yeye alipenda kukaa pale jioni akifanya hesabu zake za shule mpaka giza liingie. Siku moja alikwenda na kaptula ya kaki imepasuka nyuma, ameifunika kwa daftari. Fundi hakuuliza. Alimpa kanga ajifunge, akaipitisha kaptula kwenye mashine palepale, kwa uzi mweusi kwa sababu ndio uliokuwa umetungwa, akamrudishia. Mshono mweusi kwenye kaki ulionekana toka mbali, na rafiki yangu anasema aliuvaa kama nishani. Leo ana kazi nzuri Dar es Salaam. Fundi bado yupo. Akipita Tanga hampitii.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema: "Nitaenda na nini? Siwezi kwenda mikono mitupu kwa mtu kama yule." Amekuwa akisubiri apate kitu cha maana, labda cherehani mpya ya umeme, labda bati za nyumba. Miaka inakwenda.

Ona kilichotokea. Fundi hakumpa mkopo, lakini rafiki yangu ameandika deni mwenyewe, kisha akalikuza mpaka hawezi kulilipa, kisha akaanza kumkwepa mdai ambaye hajui kama anadai. Baba mdogo hakuwepo barazani siku ile, lakini hesabu ni ya kwake.

Deni lina kiwango na lina mwisho. Ukilipa mmeachana salama. Shukrani haina kiwango na hailipwi ikaisha, ni kumjulisha mtu kwamba alichofanya kilifika. Mzee wa miaka 70 anayeshona barazani anaweza kufurahia sana cherehani ya umeme, sipingi, lakini habari kwamba mtoto wa jirani aliuvaa mshono wake kama nishani haiuzwi dukani. Watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley waliwahi kuwaomba watu waandike barua za shukrani, wakawauliza wanadhani mpokeaji atajisikiaje, halafu wakawauliza wapokeaji. Matokeo yao, yaliyotoka 2018, yalionyesha kwamba waandishi walikosea upande mmoja: walidhani barua italeta aibu kuliko ilivyoleta, na furaha kidogo kuliko iliyoleta. Walihangaika na ufundi wa maneno huku wapokeaji wakijali ukunjufu wa moyo.

Jibu la pili ni uaminifu kwa mama. Au kwa baba, au kwa yeyote aliyepaswa kufanya kazi ile akashindwa. Kumwambia mama wa rafiki yako "wewe ndiye uliyenilea" ni kusema, bila kusema, kwamba mama yako hakukulea. Watu wengi hawawezi kulitamka hilo, hasa mzazi akiwa hai, na hasa akiwa naye aliteswa. Wanaona afadhali kunyamaza kote. Nadhani sira ya Mtume Muhammad inasaidia hapa kwa wanaoifuata, kwa kuwa ni maisha ya yatima aliyepita mikononi mwa watu wengi: akanyonyeshwa na Halima, akafiwa na mama akiwa na miaka 6, akachukuliwa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Simulizi zinasema Halima alipomjia ukubwani alimtandikia shuka yake akae. Kumheshimu Halima hakukumpunguzia Amina, mama yake mzazi, kitu. Ipo pia hadithi mashuhuri kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, nayo nimeisikia ikitumiwa kama fimbo ya kumchapia yatima aliyehama nyumba. Hadithi inasema watu. Haisemi wale tu wanaopiga kelele zaidi.

La tatu ni huzuni, na hili huwashtua watu. Unaanza kumfikiria yule mwalimu aliyekununulia madaftari, machozi yanakuja, na si machozi ya furaha. Kukumbuka kwamba mgeni aliona njaa yako ni kukumbuka kwamba ulikuwa na njaa, na kwamba waliokuwa ndani hawakuiona au waliiona. Shukrani inafukua msiba. Wengi hufunika kaburi haraka na kusema "yaliyopita si ndwele", halafu wanajiona hawana shukrani. Hawajakosa shukrani. Hawajaomboleza.

Hapo ndipo msamaha unapojipenyeza. Mtu akianza kusimulia wema wa bibi yake, hachelewi kupata mshauri: "Basi na baba yako umsamehe, ndugu yangu, ili upate baraka." Mshauri ana nia njema, lakini ameunganisha mambo yasiyotegemeana. Unaweza kumshukuru bibi leo, saa hii, na suala la baba likabaki wazi kwa miaka 20 au maisha yote. Hakuna foleni inayosema lazima umalize kwa baba ndipo ufike kwa bibi. Msamaha ni kazi nyingine, ina masharti yake, na aliyetenda kosa ana sehemu yake ya kufanya ambayo wewe huwezi kumfanyia.

Pacha wa ushauri huo ni kauli inayopendwa mno kwenye mahafali na shuhuda: "Nayashukuru mateso, bila yale nisingefika hapa." Msemaji ana haki ya kusema hivyo kuhusu maisha yake. Ila kama maelezo ya jinsi mambo yanavyokwenda, si kweli. Kauai iliwapa mateso yaleyale theluthi mbili ambao hawakufika popote kwa wakati ule. Mwaka 1998 Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti wao mkubwa wa San Diego kuhusu madhila ya utotoni, na kadiri mtu alivyokuwa na aina nyingi za madhila ndivyo uwezekano wa sonona, ulevi, kujaribu kujiua na magonjwa kama ya moyo ulivyopanda. Mateso yanachosha na kuumiza, basi. Aliyefika, kilichomfikisha ni watu, juhudi zake, na bahati, na kuyapa mateso sifa ni kumpora fundi cherehani haki yake.

Kauli hiyo ina hatari nyingine. Mlezi mkali aliyeketi kwenye kiti cha mbele akiisikia, anapiga makofi.

Kwa vitendo, basi, ufanyeje? Sina mengi ya kusema hapa, kwa sababu ukishaondoa deni na msamaha, kinachobaki ni chepesi. Taja kitu chenyewe. "Asante kwa yote" ni ya kwenye kadi za harusi. Mwambie mwalimu ni madaftari gani, mwaka gani, na uliyafanyia nini. Nenda mwenyewe kama unaweza, maana mzee wa miaka 70 ujumbe wa simu atasomewa na mjukuu. Beba sukari kilo mbili au majani ya chai kama ungebeba kwa mtu yeyote unayemtembelea, usibebe zaidi mara ya kwanza, ili ziara isigeuke malipo. Na ujiandae kwamba huenda hakumbuki. Hilo humvunja moyo mtu, lakini lifikirie vizuri: hakumbuki kwa sababu hakuandika popote. Ni kinyume kamili cha nyumba uliyokulia.

Kama amefariki, wapo watoto wake. Watoto wa watu wema mara nyingi hawajui nusu ya waliyoyatenda wazazi wao, na mgeni anayekuja baada ya arobaini kusimulia jambo moja dogo la marehemu huwapa kitu ambacho hakimo kwenye mirathi. Na kama unayesoma bado u mtoto, na hujampata mtu, namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya.

Limebaki gumu zaidi: mtu ambaye ni wote wawili. Bibi aliyekulisha kwa kuuza mihogo, akakuficha nyuma ya mlango mjomba alipolewa, lakini alipojua mjomba anafanya nini usiku alisema "mambo ya ndani hayatoki nje." Jamii inataka umpange bibi huyu upande mmoja. Ukimshukuru unaambiwa umesamehe. Ukikasirika unaitwa punda. Werner na Smith hawakuwahi kudai kwamba mtu yule mmoja alikuwa malaika. Alitakiwa tu kumkubali mtoto, na wapo waliomkubali mtoto huku wakiogopa kumpigania. Wema wake ulikuwa wa kweli na woga wake ulikuwa wa kweli, na kimoja hakikati hesabu ya kingine, kwa kuwa hakuna hesabu. Unaweza kumpelekea bibi blanketi kila mwezi wa sita baridi ikianza, ukakaa naye mchana kutwa mkimenya mihogo, na jioni ikifika ukaondoka na binti yako, asilale pale hata usiku mmoja.